Kulinda bampa la mbele la gari la chini Mtwara na Lindi: mwongozo kamili

Gari la chini likishafika Mtwara, bampa la mbele litagusa tu. Kama si tuta la mtaani, ni zege la mbele ya geti. Kama si geti, ni mlango wa chuma wa pantoni ya Msangamkuu. Anayekuambia ana dawa ya kuzuia kila mguso anatafuta kukuuzia kitu. Kinachowezekana ni kupunguza migusano, halafu ile inayobaki uichagulie pa kutua: ikwangue kipande cha plastiki unachoweza kukibadilisha Jumamosi asubuhi, isikwangue rangi.

Nawaandikia wenye Toyota 86, Subaru BRZ, Mazda RX-8, Fairlady, Altezza, na wale wenye Mark X au Impreza zilizoshushwa springi. Mwenye IST iliyonyanyuliwa apite kwa amani, hayamhusu.

Kabla ya kushika spana, chungulia chini ya mdomo wa bampa uone kama gari lako limekuja na urembo wa kuongeza. Mengi ya magari haya yanatoka Japani, na kule sheria inataka sehemu ya chini ya gari ibaki angalau sentimita 9 juu ya ardhi, ila vipande vya plastiki vya urembo vinaruhusiwa kushuka mpaka sentimita 5. Sentimita 5 zinatosha kwenye lami ya Nagoya. Mtaa wa Magomeni hapa Mtwara hazikufikishi kona ya pili. Kama lipu ya namna hiyo (mdomo wa plastiki wa kuongeza) imefungwa kwa skrubu na tepu chini ya bampa la kiwandani, ifungue, ioshe, ihifadhi ndani. Siku ya kuuza gari utairudisha. Kwa wengi, hatua hii peke yake inamaliza nusu ya tatizo na haina gharama.

Pima kwanza, mengine baadaye

Watu wengi wanajua "gari langu liko chini" lakini hawajui liko chini kiasi gani. Bila namba utanunua vitu ovyo. Na usichukue namba iliyoandikwa kwenye vitabu vya gari. Toyota 86, kwa mfano, imeandikiwa milimita 130, lakini kipimo hicho ni cha sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari, wala hakikuambii mdomo wa bampa uko umbali gani mbele ya tairi. Na huo umbali ndio unaokukwangua.

Tafuta sakafu iliyonyooka. Sakafu ya kituo cha mafuta inafaa ukiomba kwa ustaarabu muda ambao hakuna foleni. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu tairi lililolegea linakula sentimita bila wewe kujua. Weka watu unaowabeba siku zote, maana kupima gari tupu ni kujidanganya. Kisha chukua vipimo viwili kwa futi ya utepe: kimo kutoka sakafuni mpaka sehemu ya chini kabisa ya mdomo wa bampa, na umbali wa mlalo kutoka pale tairi la mbele linapokanyaga sakafu mpaka kwenye mdomo huo.

Gawanya kimo kwa umbali, zidisha kwa 100. Tuseme kimo ni sentimita 13 na umbali ni sentimita 80. Jibu ni 16 na ushee. Maana yake, mwinuko wowote unaopanda zaidi ya sentimita 16 kwa kila mita moja utagusa bampa kabla tairi halijaanza kupanda. Abiria wa nyuma wakiongezeka au mizigo ikijaa, pima upya. Kimo kikishuka mpaka sentimita 11, namba yako inakuwa 13 na robo tatu, na geti ulilozoea kulipita jana leo linakugusa.

Namba hiyo iandike kwenye simu. Ndiyo leseni yako ya kupita mahali.

Sasa jinsi ya kupima mwinuko wenyewe. Chukua kipande cha mbao kilichonyooka chenye urefu wa mita moja kamili na pima maji ya fundi ujenzi (simu nyingi nazo zina programu ya kupimia usawa, inatosha). Ncha moja ya mbao ikalie mwinuko upande wa juu, ncha ya chini inyanyue mpaka pima maji ionyeshe usawa. Pima nafasi iliyopo kati ya ncha ya chini na ardhi. Ikiwa sentimita 12 na namba yako ni 16, unapita. Ikiwa 18, hupiti moja kwa moja, hata ungeendesha kwa upole wa maharusi.

Hapa kuna mtego ambao mafundi wengi wa zege hawaujui. Mteremko wa barabara unaingia kwenye hesabu. Barabara yetu ya lami huwa imelala kidogo kuelekea mtaroni ili maji ya mvua yatoke. Kama pembeni inashuka sentimita 4 kwa mita, na kutoka hapo zege la geti linapanda sentimita 14 kwa mita, gari lako linakutana na 18. Ndiyo maana unaona geti linaonekana la kawaida kabisa na bado bampa linalia "krrrr" kila siku. Pima pande zote mbili za bonde, jumlisha.

Matuta

Tuta la kitaalamu halina ugomvi na wewe. Umbo linalofuatwa sehemu nyingi duniani lilifanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1970: mgongo wa mviringo wenye urefu wa mita 3.7 ukifuata mwendo wa gari, na kimo cha sentimita 10. Kwenye tuta la namna hiyo, mdomo wa bampa ulio sentimita 80 mbele ya tairi unakutana na kimo cha kama sentimita 7 tu wakati tairi linaanza kupanda. Mwenye sentimita 13 anapita akiimba.

Anayekuumiza ni tuta la wananchi. Mtoto kagongwa, au karibu agongwe, wenye mtaa wamechanga, saruji imemwagwa jioni moja. Linatoka jembamba na refu kama ukuta uliolala. Upana unaweza usifike hata mita, na kimo kikapita cha bampa lako. Siwalaumu, bodaboda wanaopita mitaa ya ndani wanajulikana walivyo. Lakini tuta hilo hesabu yake ni tofauti na ya geti: ukiona kimo kimezidi cha mdomo wa bampa kabla ya kumaliza ule umbali wa mbele ya tairi, hakuna mwendo wa kukusaidia ukienda uso kwa uso nalo.

Ndipo tunapanda mshazari. Ukiliendea tuta kwa pembe ya nusu mraba (digrii 45), mwinuko unaokutana nao kwa mwelekeo wa safari unapungua mpaka kama asilimia 70 ya ule wa awali, na tairi moja linapanda mapema na kunyanyua upande wake wa bampa. Fuata mpango huu:

1. Funga breki mapema, mita kadhaa kabla ya tuta, sio juu yake. Breki inasukuma uzito mbele na pua inainama. Sentimita mbili au tatu zinaweza kupotea hapo hapo.
2. Achia breki kabisa, ngoja pua inyanyuke, ndipo uanze kusogea kwa gia ya kwanza.
3. Angalia nyuma na mbele. Mshazari unakula upande wa wenzako. Ukiwa barabara kuu usiku, usifanye. Afadhali mkwaruzo kuliko lori la makaa ya mawe linalotoka Masasi.
4. Panda na tairi moja, halafu la pili, taratibu ya mtu anayetembea kwa miguu.
5. Wakati wa kushuka usiguse breki ghafla. Wengi wanapanda vizuri halafu wanakwangua wakishuka, kwa sababu tairi za mbele zinapotua springi zinabonyea na mguu wenye hofu unaongeza breki juu yake.

Yale matuta madogo ya kufuatana, rasta, hayafikii bampa. Kazi yake ni kutikisa. Lakini mtikisiko huo ndio unaolegeza klipu, vile vibanio vya plastiki vinavyoshika bampa na kifuniko cha chini ya injini, na habari zake zinakuja chini.

Mitaa ya ndani, mchanga na mvua

Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Kwenye mitaa isiyo na lami, magari makubwa yanachimba njia mbili na kuacha mgongo katikati. Gari la chini likiingia humo, bampa linageuka kuwa jembe: linakusanya mchanga, mchanga unajaa kwenye kifuniko cha plastiki chini ya injini, na uzito wake unang'oa klipu moja baada ya nyingine. Usifuate njia za magari. Tairi za upande mmoja ziweke juu ya mgongo wa katikati, za upande mwingine juu ya ukingo wa nje. Utaonekana unatembea kama mlevi, lakini bampa linabaki juu. Njia ya Msimbati kwenda ufukweni, kwa gari la aina hii, iache. Kodi gari la mwenzako au panda bodaboda.

Mvua kwetu ni za msimu mmoja, kama Desemba mpaka Aprili. Dimbwi lina hatari mbili: linaficha shimo, na maji yenyewe yanapiga. Ukiingia kwa kasi, wimbi linasukuma kifuniko cha chini na kukunja bampa, na namba ya gari inaweza kuondoka nalo. Ingia kwa mwendo wa miguu au usiingie. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, Kilwa, wenye magari ya chini walijifunza kwamba safari ya Dar inaweza kugeuka ya njia ya mchepuko muda wowote. Mchepuko haujengwi kwa kufikiria Fairlady.

Kuegesha: bampa linang'oka ukirudi nyuma

Hiki ndicho kipengele ninachotaka ukisome mara mbili. Mkwaruzo wa kuingia ni wa rangi. Mkwaruzo wa kutoka ni wa bampa zima.

Ukiegesha uso mbele na kuna ukingo wa zege au jiwe la kuzuia tairi, mdomo wa bampa unapanda juu yake kwa kuteleza, kwa kuwa umbo lake limelala kuelekea nyuma. Unasikia kelele kidogo, unazima gari, unakwenda zako sokoni. Ukirudi na kutia gia ya kurudi nyuma, ule ukingo wa nyuma wa mdomo, ambao umesimama wima, unanasa kwenye zege. Gari linarudi, bampa linabaki. Klipu za pembeni karibu na tairi zinavunjika kwanza, halafu za juu chini ya boneti, na ukishuka unakuta bampa limeinama kama mtu anayesujudu.

Dawa yake ni rahisi: egesha kwa kurudi nyuma. Bampa la nyuma la magari mengi liko juu zaidi. Kama lazima uingie kwa uso, simama mapema, kabla ya ukingo, hata kama mkia unatokeza. Na kama umeshapanda na umesikia kelele, usitie gia ya kurudi nyuma kwa haraka. Shuka, tazama. Kama mdomo umekalia zege, weka mtu mmoja kila kona ya mbele anyanyue kwa kushika chini ya mdomo (sio juu, juu kunapinda), ndipo urudi pole pole.

Mtu wa kukuelekeza naye afundishwe. Mlinzi anayesema "njoo, njoo, njoo" akiwa amesimama kwenye usawa wa dirisha haoni chochote cha maana. Mwambie, "Kaka, chuchumaa hapa pembeni, uangalie ile plastiki nyeusi ya chini. Ikibaki vidole viwili, sema simama." Vidole viwili anavijua kila mtu.

Kamera ndogo ya kurudia nyuma inaweza kufungwa kwenye grili ya mbele na ikakusaidia sana na kingo. Hakikisha tu ni ile yenye uwezo wa kuzima picha ya kioo. Kamera za nyuma hugeuza kushoto kuwa kulia, na ukiifunga mbele bila kuibadili itakupeleka kwenye jiwe ulilokuwa unalikimbia.

Kutengeneza ngao ya chini

Sasa kazi ya mikono. Tunafunga vipande vya plastiki ngumu na telezi chini ya mdomo wa bampa, mahali ambapo tayari panagusa. Vinalika vyenyewe, bampa linabaki.

Plastiki ya kutafuta ni polithilini nzito. Huna haja ya kuagiza mbali: vibao vyeupe vya plastiki vya kukatia nyama vinavyouzwa kwenye maduka ya vyombo kwa kawaida ndiyo hiyo hiyo, na unene wake wa milimita 8 mpaka 10 unatufaa kabisa. Madumu ya mafuta ya kula nayo ni jamii hiyo (tazama chini ya dumu, utaona pembetatu yenye namba 2), lakini ni membamba, yataisha baada ya wiki chache. Bati usilitumie. Linapiga kelele, linashika kutu kwa upepo wetu wa chumvi, na likinasa halikatiki: linang'oa.

Kujua pa kufunga, paka chaki ya ubaoni mdomo wote wa chini, zunguka mitaa yako ya kawaida siku nzima, jioni uchungulie. Palipofutika chaki ndipo pa ngao. Mara nyingi ni sehemu tatu: kona mbili na katikati.

Nyanyua gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Kata vipande vya upana wa sentimita 5 au 6 na urefu wa sentimita 25 mpaka 30. Msumeno wa chuma unakata bila shida. Kisha chonga kingo zote mbili, wa mbele na wa nyuma, kwa mteremko wa nusu mraba. Wa mbele watu wote wanauchonga. Wa nyuma wanausahau, na huo ndio utakaokuokoa ukirudi nyuma kwenye ukingo wa zege.

Kama mdomo wa bampa umepinda, chovya kipande kwenye maji yanayochemka mpaka kilegee kidogo, kikandamize pale pale kwa mikono yenye glavu, kisubiri kipoe. Gundi usihangaike nayo. Polithilini haishiki gundi za kawaida, utaikuta barabarani. Tumia bolti za stenlesi za milimita 5 zenye kichwa bapa, tatu kwa kila kipande, na toboa kwa drili tundu pana juu ili kichwa cha bolti kizame ndani ya plastiki angalau milimita 3. Kichwa kikibaki nje, zege litakisaga na siku ya kubadilisha hutapata pa kushika kwa bisibisi. Upande wa ndani weka washa pana kabla ya nati, uzito usikusanyike sehemu moja na kupasua bampa. Matundu ya plastiki yawe na nafasi kidogo kwa urefu, kwa sababu polithilini inatanuka kwenye jua, na jua la Mtwara ni jua kweli.

Usizibe njia ya hewa. Kwenye magari kadhaa mdomo wa chini wa bampa ndio unaoelekeza upepo kwenye rejeta. Ngao ikae chini ya mdomo, isitokeze mbele kwenye tundu.

Kuna njia ya uvivu zaidi, lipu ya mpira inayouzwa kwa mkunjo wa kama mita mbili na nusu na kufungwa kwa tepu ya gundi pande mbili. Inafanya kazi, na mpira ukiguswa unapinda na kurudi. Ila nayo inashuka chini ya bampa, kwa hiyo utasikia kelele mara nyingi kuliko mwanzo. Wengine hawaipendi kwa ajili hiyo. Mimi naona kelele hiyo ni faida: inakuambia simama wakati bampa bado liko salama. Kabla ya kubandika, safisha kwa spiriti, kausha, na ongeza skrubu kila baada ya sentimita 30. Tepu peke yake haitamaliza msimu wa mvua.

Vipi ile filamu ya kulinda rangi, PPF? Nzuri, lakini sio kwa kazi hii. Ina unene wa kama sehemu ya tano ya milimita na kazi yake ni mawe. Kama unakwenda Masasi mara kwa mara nyuma ya malori, ibandike uso wa bampa. Kwa zege la geti haitakusaidia kitu.

Kunyanyua gari kidogo

Kama baada ya yote bado unagusa kila siku, nyanyua. Njia ya kwanza ni tairi. Ukitoka 225/45R17 kwenda 225/50R17 gari linapanda sentimita 1 na kidogo, bila kugusa shokapu. Hakikisha kwanza kwamba tairi halisugui plastiki ya ndani ukikata kona yote. Jua pia kwamba spidomita sasa inasoma pungufu kwa kama asilimia 3.5: ikisema 50, wewe uko karibu 52. Trafiki wenye tochi kwenye vituo vya njia ya Lindi hawatakuuliza saizi ya tairi.

Njia ya pili ni spesa (kipande cha kuongezea kimo) juu ya shokapu, na mafundi wetu wanazijua. Hapa uliza gari lako lina mfumo gani. Kwenye 86, BRZ na Impreza, shokapu ya mbele inabeba gari moja kwa moja, kwa hiyo spesa ya sentimita 2 inanyanyua kama sentimita 2. Kwenye Mark X na RX-8, shokapu imekaa ndani ya mkono wa chini, kwa hiyo spesa ile ile inanyanyua zaidi ya unene wake. Fundi asiyejua tofauti hiyo atakurudishia gari lenye pua juu kama boti. Usizidishe sentimita 2 mpaka 3 za kunyanyuka. Zaidi ya hapo breki na usukani vinabadilika tabia. Ukimaliza, alaimenti ni lazima, siku hiyo hiyo, vinginevyo utakula tairi mpya upande mmoja.

Wenye shokapu za kuzungusha, zile za kupandisha na kushusha gari, zungusheni mpande. Ndiyo sababu zina nyuzi. Mifumo ya upepo inayonyanyua pua kwa kubonyeza kitufe ipo, lakini ni ghali na ikiharibika hapa utasubiri kipuri.

Geti lako mwenyewe

Geti unalipita mara mbili kwa siku au zaidi, kwa hiyo ukilirekebisha umefanya kazi kubwa kuliko ngao yoyote. Gawanya kimo cha kupanda kwa namba ndogo kuliko ile yako. Kama zege linapanda sentimita 20 na unataka mwinuko wa sentimita 10 kwa mita, mteremko uwe na urefu wa mita 2. Ongeza upande wa ndani ya ua, sio upande wa barabara. Mtaro na hifadhi ya barabara si vyako. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, waone kwanza kabla hujamwaga zege, na kamwe usizibe mtaro, maana mvua ya kwanza maji yataingia kwa jirani na utagombana na mtaa mzima.

Aliyepanga nyumba atumie mbao mbili: nene sentimita 5, pana sentimita 25 au zaidi, ncha zimechongwa. Zinalazwa kwenye bonde la mtaro kila ukiingia, zinarudi ndani. Zifunge kamba, uzivute bila kuinama.

Kwenye pantoni, ya Msangamkuu au ya Lindi kwenda Kitunda, shuka kwanza kwa miguu utazame pale mlango wa chuma unapokutana na zege. Hali haiwi ile ile maji yakijaa na yakipwa. Ukiona kona kali, mwombe mfanyakazi wa kivuko akuruhusu uingie wa mwisho, ili upate nafasi ya kwenda mshazari. Ukimwita "mkubwa" na kueleza mapema anakuelewa. Ukisubiri mpaka umenasa, foleni nzima itakuelewa.

Likishakwaruzwa

Mkwaruzo wa chini usioonekana, uache. Kupaka rangi kitu kitakachogusa kesho ni kutupa hela. Wa mbele unaoonekana, kwanza ujue bampa ni la nini. Nyuma yake, upande wa ndani, kuna herufi zimechapwa: PP ndiyo ya magari mengi ya kiwandani. Ukikuta nyuzinyuzi nyeupe, ni faiba. Faiba ikipasuka inarekebishwa kwa resini na kitambaa chake, na inashika pati ya kawaida. PP haishiki gundi ya kawaida wala pati ya bati. Inachomelewa kwa fimbo ya PP hiyo hiyo, na kabla ya rangi inapakwa praima maalumu ya plastiki. Fundi akikosa praima hiyo, rangi itabanduka kama ganda la kitunguu ndani ya miezi michache.

Namba ya rangi usiikisie kwa macho. Kwenye Toyota iko kwenye kibao cha chuma chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango: 202 ni nyeusi, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni fedha. Mpelekee fundi hiyo namba imeandikwa.

Mwisho, klipu. Kila mwezi, au kila ukitoka safari ya Dar, chuchumaa uvute kifuniko cha chini ya injini kwa mkono. Kikicheza, klipu imeondoka. Kifuniko kinachoning'inia kinapunguza kimo chako kuliko abiria wanne, na mara nyingi ile kelele unayodhani ni bampa ni chenyewe. Weka kwenye gari mfuko wa klipu za ziada za saizi ya gari lako, kamba za plastiki za kujifunga, bisibisi bapa, na tochi ya kichwani. Bampa likitoka usiku kati ya Nangurukuru na Somanga, usilibebe kwenye kiti cha nyuma ukiacha taa zinaning'inia. Toboa matundu mawili kila upande kwa bisibisi uliyoipasha moto kwenye kiberiti cha gesi, moja kwenye bampa na moja kwenye plastiki ya juu ya tairi, pitisha kamba, kaza, kata ncha. Litafika Kibiti na hata Dar kwa 60. Angalia tu namba ya gari inaonekana.